Ushahidi wa Kicheko

Siku ya thelathini na nane ya ukimya wake, Nyamizi Kapaya alipanda juu ya paa la soko la Itundulu kukagua mizinga yake, akajikuta anataka kuwasimulia nyuki. Alifika kwenye maneno "Mapunda alipotokea na lile koti", na hapo hapo bangili ya mahakama ikaanza kutetemeka mkononi mwake. Ilitetemeka mara tatu kwa adabu, kisha ikamwasha kama upupu. Nyuki wa mzinga wa pili walitoka kuangalia kuna nini. Nyamizi akafunga mdomo, akafunika mzinga, akasonya.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mfuga nyuki, binti wa marehemu Mzee Kapaya, na tangu azaliwe hakuwahi kukaa na habari nzuri tumboni kwa zaidi ya saa moja. Sasa alikuwa nayo habari kubwa kuliko zote zilizowahi kutokea Itundulu, aliyoiona kwa macho yake mwenyewe, na sheria ilimkataza kuisema, kuisikia, kuiandika, hata kuiimba akiwa peke yake bafuni. Kuimba alijaribu siku ya tisa. Bangili haikudanganyika.

Sisi wengine hatukuvishwa bangili, kwa hiyo tuiseme tu.

Mzee Kapaya alifariki akiwa na miaka tisini na moja, usingizini, baada ya kula vizuri. Msiba wa namna hiyo kwa Wanyamwezi una majonzi yake, lakini unawapa watani nafasi kubwa, na watani wa Wanyamwezi ni Wangoni. Mngoni wa familia ile alikuwa Gervas Mapunda, dereva mstaafu wa treni za umeme, mzee wa miaka sitini na mitatu mwenye tumbo linalotangulia na sauti ya kuamsha stesheni nzima. Siku ya mazishi, jeneza limeshateremshwa na vijana wameshika mabeleshi, Mapunda alitokea nyuma ya ukuta wa makaburi akiwa amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu na miwani ya marehemu, ameweka mchi begani kama bunduki. Alitembea kwa mwendo wa marehemu, wa goti bovu. Akatangaza kwamba hapa hazikwi mtu mpaka ajulikane nani amemuua mtani wake bila kumwomba ruhusa.

Ukaguzi ukaanza. Alimkagua padri, akamwachia kwa sababu ni mwembamba mno kuua hata mbu. Aliwakagua wakwe, akawakuta na hatia ya kula sana, akawasamehe kwa muda. Hatimaye akafika kwa mtu ambaye alikuwa bado hajakaguliwa, askari wa mji aliyetumwa kuhakiki kibali cha kuzika, amesimama wima pembeni ya udongo na kamera yake kifuani. Mapunda akamtazama juu mpaka chini.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Basi leo utalala naye humo humo."

Akanyanyua mchi kwa mikono miwili, akamkimbilia, kwa kadiri tumbo lake na goti la marehemu vilivyomruhusu. Waombolezaji walikuwa wameshikana mabega wasianguke kwa kucheka. Askari yule, Konstebo Ombeni Kileo wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa amekulia kwenye majumba marefu ya kaskazini, ambako misiba hufanyika kwenye kioo na kila mtu hulilia sebuleni kwake. Alichomoa bastola akampiga Mapunda risasi ya paja.

Mapunda hakufa. Nyamizi ndiye aliyevua kanga yake akakandamiza jeraha, na Mapunda, rangi imemtoka, alimwambia abonyeze taratibu kwa sababu paja la mtu si kinu. Lakini kabla hajatolewa chumba cha upasuaji alikuwa ameshafunguliwa mashtaka ya kumshambulia askari kwa silaha, ambayo kifungo chake ni miaka kumi. Kamera ya kifuani ilionyesha mtu mkubwa aliyenyanyua mchi na kutamka kwa kinywa chake kwamba atamzika mwenzake leo. Jicho la mji, lile linaloruka juu ya kila mkusanyiko, lilionyesha hivyo hivyo kutoka juu. Konstebo aliandika kwamba aliogopa kufa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kudhani anadanganya.

Walikuwapo mashahidi arobaini na mmoja, na hapo ndipo watu wa Itundulu walipofanya kosa lao.

Inafaa kueleza kwamba nchi iliacha kuwahoji mashahidi miaka kumi na minane iliyopita. Shahidi wa siku hizi hasemi. Huvishwa kofia ya shaba, hukalishwa kwenye kiti, na kofia huchota alichokiona na kukitandaza ukutani mbele ya mahakama. Mawakili wa zamani walilia njaa, lakini kesi zilikuwa fupi na uongo ulipungua sana. Kasoro ya kofia ni moja tu. Kumbukumbu ikishasimuliwa, au mwenye nayo akisikia mwenzake anasimulia, huandikwa upya kichwani, na kofia huchota hiyo mpya. Ndiyo maana mashahidi huvishwa bangili mapema, kabla hawajaanza kuambiana.

Wenye bangili walifika msibani asubuhi ya pili yake. Usiku kucha watu arobaini walikuwa wameshaigiza tukio lile matangani mara kumi na moja, kwa mchi ule ule, wakisahihishana, wakibadilishana nafasi ya padri, wakicheka mpaka majirani wakaja nao kujifunza. Fundi wa kofia alipowapima aliwakuta wote arobaini wana kumbukumbu moja inayofanana kama sahani za seti. Ndani yake Mapunda alikuwa mrefu kuliko ukuta, na katika vichwa sita alikuwa amepanda ng'ombe. Mahakama iliwaondoa wote, ikawavisha bangili hivyo hivyo wasije wakamchafua shahidi aliyebaki.

Nyamizi peke yake hakuwepo. Kwa sababu ya damu aliyoigusa, hospitali ilimweka nyuma ya kioo kwa siku moja na nusu, hana simu, hana mgeni. Alipotoka alikuta mtu wa mahakama mlangoni ameshika bangili. Kichwa chake ndicho pekee kilichobaki safi Itundulu nzima, na yeye ndiye mwanamke ambaye wote wangemtaja wa mwisho kama wangeulizwa nani anaweza kutunza siri.

*

Wakili wa Mapunda alikuwa binti mdogo aitwaye Hidaya Ngwatu, mwenye ofisi juu ya duka la betri. Alimwita Nyamizi siku mbili kabla ya kesi, akampa chai, akafunga mlango. Alisema atamweleza sheria tu, na bangili haiwezi kugombana na sheria.

Kofia huchota mikondo miwili, alimweleza. Wa kwanza ni wa macho na masikio, na huo ni wa lazima, shahidi hana hiari. Wa pili ni mkondo wa moyo, yaani alichokihisi, na huo ni mali ya mwenyewe. Haufunguliwi bila ridhaa yake. Ukifunguliwa, majaji watatu huvaa kofia zao na kuuhisi kama wao ndio walikuwa pale, dakika zote kumi bila kukata hata sekunde. Na kitu wanachokitafuta ndani yake katika kesi kama hii ni kimoja, hofu. Kama mtu aliyesimama karibu na mshtakiwa alimwogopa kabla bastola haijatoka, basi askari naye alikuwa na haki ya kumwogopa, na Mapunda anakwenda jela. Kama hofu ilikuja baada ya bastola, Mapunda anakwenda nyumbani.

Nyamizi aliuliza kama anaweza kuchungulia mwenyewe kwanza, ajue. Hidaya alitikisa kichwa. Kuchungulia ni sawa na kujisimulia.

"Na nisipofungua, mwanangu?"

"Basi, mama, watamwona mtu ana mchi anamkimbilia askari, anasema atamzika," alisema Hidaya. "Na watamwona vizuri sana, maana wewe ulikuwa umesimama karibu."

Nyamizi alikunywa chai yote kwa mkupuo mmoja ingawa ilikuwa ya moto. Jambo lililomkaa kifuani hakulisema, na hata angetaka bangili isingemruhusu. Yeye aliogopa. Aliukumbuka ubaridi ule tumboni kama maji ya kisima, na alijua hakika kwamba ulikuja. Asichojua ni wakati gani. Sekunde zile chache zilikuwa zimejikunja pamoja, kicheko na ubaridi na mlio, kama nguo zilizotolewa pamoja kwenye beseni.

Tena kulikuwa na habari ya mti. Mwaka uliopita Mapunda alikata mti uliokuwa nyuma ya nyumba yake bila kuuliza, na kwenye mti ule ulining'inia mzinga wa kwanza wa Mzee Kapaya, mzinga wa magome uliodumu miaka arobaini. Nyuki walihama, hawakurudi. Kwa miezi minne wazee wale wawili hawakutukanana hata mara moja. Walisalimiana kwa heshima, "Shikamoo mzee", "Marahaba", kama wageni kwenye foleni, na familia nzima iliogopa kuliko kama wangesikia wamepigana. Walipatana baadaye, Mapunda akamwita marehemu mpagazi mbele ya watu, na nyumba ikapumua. Lakini mtu anaposimama kaburini kwa baba yake na kumwona Mapunda ananyanyua mchi, je, moyo wake haukukumbuka ule mti hata kidogo? Nyamizi hakujua. Ilimuuma kwamba hajui.

Kumwogopa mtani wako ni aibu isiyo na jina. Mtani anaruhusiwa kuiba jogoo wako, kuvaa nguo za marehemu wako, kulala ndani ya kaburi lako na kugoma kutoka, kwa sababu tu wote mnajua hata siku moja hatawadhuru. Ukimwogopa umemwambia kwamba miaka yote hiyo hukumwamini. Na sasa Nyamizi alitakiwa aupeleke moyo wake mahakamani ukatamke jambo hilo mbele ya majaji watatu, au aufunge na amwache mzee wa watu aende jela kwa picha.

Akamwomba Hidaya siku moja ya kufikiri. Hidaya akampa, kwa sababu hakuwa na nyingine.

*

Mapunda alikuwa amelazwa wodi ya pembeni, mguu umeinuliwa, askari mlangoni, bangili mkononi kama ya Nyamizi. Alipomwona anaingia na chupa ya asali alimuuliza kwa nini Wanyamwezi wanatembelea wagonjwa karibu mikono mitupu, chupa moja, wakati babu zao walibeba meno ya tembo mpaka pwani bila kulalamika. Nyamizi akajibu kwamba babu zake Mapunda walitoka Kusini wakipigana na kila mtu njiani, wakafika hapa wakachoka, na mjukuu wao naye amechoka kwa risasi moja. Askari wa mlangoni aligeuka upande wa pili ili asicheke.

Walizungumza habari za chakula cha hospitali, bei ya mahindi, na muuguzi ambaye Mapunda alidai anamtaka. Tukio walilizunguka kama watu wanaolizunguka shimo barabarani. Kisha Nyamizi akaweka chupa ya asali mezani, na Mapunda, aliyemjua tangu akiwa msichana, akageuza kichwa kumsikiliza.

"Mtani," alisema Nyamizi, akichagua maneno moja moja ili bangili isijue, "hivi mtu akitokea akamwogopa mtani wake, inakuwaje?"

Bangili yake ilitetemeka mara moja, ikasita, ikatulia. Uso wa Mapunda ulibadilika, lile tabasamu la kudumu likamtoka, na Nyamizi akaona jinsi mzee huyu alivyokonda kwa siku arobaini. Alitamani arudishe swali lake mfukoni.

"Fungua," alisema Mapunda. Bangili yake ilianza kutetemeka. Hakujali. "Kama kuna mtu aliniogopa siku ile, basi mimi ni mtani mbovu. Na mtani mbovu mahali pake ni jela, Nyamizi. Nisikae nje nikawatisha watu misibani."

Bangili ikamwasha mpaka mkono ukaruka juu ya shuka. Alikunja uso, akavumilia, akamaliza aliyotaka kusema, ndipo akaomba apewe ile asali kabla ya askari kuionja. Nyamizi alimlisha vijiko vitatu. Alipotoka nje alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, akampigia Hidaya simu, akamwambia afungue yote.

*

Ukumbi wa mahakama ulijaa tangu saa mbili asubuhi. Wale arobaini walioondolewa walikaa mbele na bangili zao, midomo imebanwa, wengine wameshika vitambaa tayari. Mapunda aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Konstebo Ombeni alikaa upande wa pili, sare imepigwa pasi, amekonda naye. Sheria ilimpa mtu aliyefyatua risasi haki ya kuvaa kofia ya nne na kuhisi pamoja na majaji, na mwendesha mashtaka alikuwa amemshauri asiitumie. Aliitumia.

Lusekelo, fundi wa kofia, alimketisha Nyamizi mbele ya majaji, mgongo kwa ukuta wa picha. Shahidi haruhusiwi kuona kinachochotwa kichwani mwake, na kofia ikifanya kazi haimwonjeshi kitu. Alimwekea mapajani kisahani chenye udongo wa makaburini, kwa sababu pua ndiyo hufungua kumbukumbu haraka kuliko vyote, akamwambia asijitahidi, anuse tu.

Nyamizi akanusa. Kofia ikavuma. Hakuona kitu chochote isipokuwa nyuso tatu za majaji zilizokuwa mbele yake, na taratibu akatambua kwamba zile nyuso ndizo moyo wake.

Jaji Perpetua Massawe, aliyekaa katikati, mwanamke anayeogopwa na wilaya nzima, alikuwa wa kwanza. Macho yake yalijaa machozi yakamwagika bila yeye kuyafuta. Nyamizi akajua kwamba jeneza la baba linateremshwa. Alimtazama mgeni yule anamlilia Mzee Kapaya kwa uchungu ule ule aliokuwa nao yeye, na akamwonea huruma, na akajisikia hayuko peke yake katika msiba wake kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Halafu jaji wa kushoto akakohoa. Alikuwa mzee ambaye inasemekana hakutabasamu tangu ateuliwe. Mdomo wake ulivutika upande mmoja, akaurudisha, ukavutika tena. Jaji wa kulia aliinamisha kichwa mezani. Jaji Perpetua, machozi bado mashavuni, alitoa sauti ndogo ya puani, akajaribu kuigeuza iwe kikohozi, ikamshinda. Kisha wote watatu wakaangua kicheko. Walicheka mpaka jaji wa kushoto akapiga meza kwa kiganja na kalamu zikaanguka. Kwenye ukuta padri alikuwa anakaguliwa. Wale arobaini mbele hawakuruhusiwa kutoa sauti, wakawa wanatikisika kwenye mabenchi, bangili zote zikivuma kama mzinga.

Na kule upande wa pili, chini ya kofia ya nne, Konstebo Ombeni Kileo alikuwa anacheka. Alicheka kama mtoto, kichwa nyuma, meno yote nje. Mapunda alikuwa anamtazama yeye tu.

Ghafla nyuso zote nne zikaganda kwa pamoja. Nyamizi aliuona ubaridi wake mwenyewe ukipita juu yao. Mlio ukasikika ukutani nyuma yake, majaji wakaruka vitini, na Jaji Perpetua akaikandamiza meza kwa mikono miwili kwa nguvu kama anazuia kitu kisimwagike.

Lusekelo alizima kofia. Mwendesha mashtaka, ambaye hakuvaa kitu kichwani na hakuona ila picha na mstari wa hofu uliochorwa chini yake, alisimama hata kabla ukumbi haujatulia. Alionyesha mstari kwa kidole. Hofu ya shahidi, alisema, imeanza sekunde moja na nusu kabla bastola haijatoka alani. Shahidi mwenyewe, mtani wake, amemwogopa mshtakiwa wakati mchi uko juu. Hana la kuongeza.

Nyamizi alisikia maneno yale. Kabla. Ilikuja kabla. Alimtazama Mapunda, na Mapunda alikuwa ameinamisha macho kwenye mguu wake. Nimemfunga mtani wangu, aliwaza, nimemfunga kwa tumbo langu mwenyewe. Majaji waliangaliana. Jaji alichokihisi chini ya kofia hawezi kukitolea ushahidi katika mahakama yake mwenyewe, lazima mtu mwingine akitaje.

Konstebo Ombeni alisimama.

"Naomba kusema kwa mdomo," alisema.

Karani alianza kueleza kwamba utaratibu huo haujatumika kwa miaka kumi na minane. Jaji Perpetua alimnyamazisha kwa kidole, akamwambia askari aseme.

"Shahidi hakuwa anamtazama mzee," alisema Ombeni. "Ule ubaridi ulipoanza, macho yake yalikuwa usoni kwangu. Watu wote wanacheka, yeye mwenyewe anacheka, halafu anaona uso mmoja haucheki. Nimejiona, mheshimiwa. Huyu mama alijua nitakachofanya kabla mimi sijajua. Aliniogopa mimi."

Mwendesha mashtaka alimvuta sare akae. Hakukaa. Jaji Perpetua akaamuru picha irudishwe, na Lusekelo akaongeza juu yake lile doa dogo la nuru linaloonyesha jicho la shahidi lilipotulia. Ukumbi mzima uliliona, ila Nyamizi, ambaye ilibidi asimuliwe baadaye. Wakati Mapunda anakimbia na mchi juu, doa lilikuwa kwenye tumbo lake linalorukaruka, na mstari wa hofu ulikuwa umelala chini kabisa. Kisha doa likahama. Likatua kwenye uso wa kijana mwenye sare, na hapo hapo mstari ukapanda, na halikutoka usoni pale mpaka mlio.

Majaji walitoka kwa nusu saa. Waliporudi Mapunda alikuwa huru. Walisema hapakuwa na shambulio, palikuwa na mazishi. Walisema risasi ile haikuwa na haki, wakamnyang'anya Konstebo silaha, wakapeleka jalada lake kwenye baraza la nidhamu, na wakamwagiza mkuu wake afike mwenyewe kueleza kwa nini anapeleka watoto na bastola kwenye makaburi ya watu bila kuwafundisha watu wale wanazikanaje. Kisha Jaji Perpetua akaamuru bangili zifunguliwe. Sauti iliyopasuka ukumbini kutoka kwa watu arobaini hao haielezeki, na karani aliandika tu kwamba kikao kimeahirishwa kwa kelele.

Ombeni alikuja mpaka kwenye kiti cha magurudumu, kofia ya sare mkononi. Akasema, "Shikamoo mzee. Naomba radhi." Paja lilikuwa linamuuma Mapunda kweli, na daktari alikuwa amemwambia hatatembea vizuri tena.

"Marahaba," alisema. "Radhi sijakupa bado, nitakupa siku nikikanyaga chini. Lakini keshokutwa tunaanua tanga la mzee. Njoo bila sare, uje ucheke kwa pua yako mwenyewe, si kwa pua ya Mnyamwezi."

Kijana aliitikia kwa kichwa, akaondoka.

Nyamizi alishika vishikio vya kiti akaanza kumsukuma kupita katikati ya watu waliokuwa wanaigiza tukio mara ya kumi na mbili.

"Kwa hiyo hukuniogopa," alisema Mapunda bila kugeuka.

"Hata kidogo."

"Hata nilipounyanyua mchi?"

"Hapo ndipo nilipocheka zaidi."

Mapunda akavuta pumzi ndefu. "Miaka thelathini naitisha familia hii," alisema. "Nimevaa koti la maiti, nimekimbia na tumbo lote hili, nimepigwa na risasi. Wala hakuna Mnyamwezi hata mmoja aliyeniogopa."

Kisha akalia. Alilia hadharani, mzee mzima, bila hata kujifuta, na Nyamizi akakisukuma kiti polepole kuelekea mlangoni ili asilazimike kukimaliza kilio chake upesi.